Namna ya Kuua Mradi wa Maji Ungali Kijana

Kuua mradi wa maji Igogwe, wilayani Rungwe, si kazi nyepesi. Tukuyu na vijiji vyake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, chemchemi ziko juu, watu wako chini, maji yanashuka yenyewe kwa mserereko. Hakuna dizeli ya kununua wala pampu ya kuungua. Anayetaka bomba life huku Rungwe lazima ajitume. Naziandika hatua zake kama zilivyo kwa sababu nataka mabomba haya yaishi, na katika kila hatua pana mtu ambaye angeweza kuzuia.

Anza siku ya uzinduzi. Fedha zote zimalizikie kwenye mabomba, saruji, jiwe la msingi na mahema. Isibaki hata shilingi ya valvu ya akiba. Mradi wa namna hii kwa kawaida husanifiwa kuhudumia watu kwa miaka 20 hivi, na bomba zuri la plastiki lililofukiwa vyema laweza kufika 50. Gharama za kuutunza miaka yote hiyo usiziandike popote. Michoro ya njia ya bomba mwachie mkandarasi aondoke nayo. Siku bomba litakapovuja, fundi atalitafuta kwa jembe kwenye migomba, na jembe ndilo litakalolipata kwanza.

Kisha panda hadi kwenye tenki la kupunguza msukumo. Hapa tukae kidogo, maana miradi mingi ya mserereko huanzia kufa hapa. Kila maji yanaposhuka mita 10, msukumo ndani ya bomba huongezeka kwa karibu baa moja. Bomba la baa 6 haliwezi kuhimili mteremko wa mita 100. Ndiyo maana hujengwa kitenki katikati ya mteremko, maji yatue kisha yaanze upya. Ndani yake kuna boya: maji yakijaa linanyanyuka na kufunga, yakipungua linashuka na kufungua. Boya likivunjika, liache. Usiku koki zote zikiwa zimefungwa, maji yatafurika yaishie shambani, na alfajiri tenki kubwa la juu litakuwa tupu. Kijiji kitasema chanzo kimekauka.

Fanya hivyo hivyo kwa valvu ya hewa, pale bomba linapopanda kilima kabla ya kushuka. Ikikwama, hewa hujikusanya kileleni na kubana maji. Mtu atasema bomba limeziba, atalikata kwa msumeno, na sasa una matatizo mawili. Fundi wa kijiji mpe cheti cha mafunzo, usimpe posho.

Juu kabisa, lima hadi ukingoni mwa chemchemi na upande mikaratusi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, lakini sheria haina miguu ya kupanda mlima.

Sasa fedha. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400. Lilikuwa lengo la heshima na nalitetea hadi leo. Maji yalikuwa bure na matengenezo yalikuwa juu ya serikali. Uchumi ulipoyumba, vipuri vikakosekana. Sera ya maji ya 1991 ikawataka wananchi wachangie, ya 2002 ikakazia, na sheria ya 2019 ikaleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, pamoja na vyombo vya jamii vinavyokusanya fedha za maji. Kwa hiyo siku hizi ukitaka kuua, kusanya ada kila mwezi na usisome mapato na matumizi mkutanoni. Watu wataacha kulipa, na watakuwa na haki.

Wala tusidhani kupuuza matengenezo ni maradhi ya vijijini tu. Daraja la Morandi huko Genoa, Italia, lilifunguliwa mwaka 1967. Tarehe 14 Agosti 2018 lilianguka na kuua watu 43. Kutu ilikuwa imeshambulia nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege. Huku kwetu bomba likifa hakuna kishindo. Igogwe kuna hospitali ya misheni, na hospitali yoyote bomba likikauka, mkunga ananawa kwa maji ya ndoo, na ndoo hiyo imebebwa kichwani na dada wa mzazi. Hilo linaniuma kuliko takwimu yoyote.

Kama mradi wenu bado unatoa maji, kamati ipande mlimani mwezi Oktoba, kabla mvua hazijashika. Bebeni spana, grisi, panga la kufyekea na daftari. Fungueni valvu za kutolea tope hadi maji yatoke meupe, andikeni tarehe, kisha mwangalie boya.