Hotspoti Juu ya Mwembe

Aliyesema kwamba kazi ya mtandaoni hufanyika popote hajafika Kalamba msimu wa maembe. Anaweza kujitetea kwamba Kalamba iko Makueni, na Makueni ndiyo yenye Malili, pale Rais Kibaki alipozindua mji wa teknolojia wa Konza Januari 2013. Ni kweli. Ila ukiwa kwa Susu, nyanya yangu, teknolojia ina kiti chake maalumu, nacho ni panda ya mwembe ulio karibu na zizi.

Kila boma huku linajua mtandao unakaa wapi. Kwa jirani unakaa nyuma ya choo, na ndiyo sababu simu zake huwa fupi. Kwetu, ukisimama mlangoni unapata alama moja inayokuja na kuondoka; ukiingia jikoni huna kitu; ukifika kwenye mwembe ukainua mkono, alama zinakuwa tatu, na jumbe za tangu jana zinaanza kumiminika.

Basi utaratibu ni huu. Simu inapachikwa kwenye panda, ikitazama upande wa busta, yaani mnara wa simu. Hotspoti inawashwa, uwezo ambao simu za Android zimekuwa nao tangu 2010: simu inapokea data kutoka mnarani kwa laini, halafu inaitangaza upya kama Wi-Fi. Laptopu inawekwa chini, juu ya kigoda, nami nakaa juu ya debe. Kati ya simu na laptopu hupita ng'ombe.

Ng'ombe simtaji kwa mzaha. Hotspoti nyingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, majirani wa karibu wa yale yanayopasha chakula ndani ya mikrowevu, na mwili wenye maji huyameza. Ng'ombe wa Susu, hata wakati wa kiangazi, ana maji ya kutosha. Akisimama kujikuna kwenye shina, barua pepe inasimama naye.

Lakini ng'ombe huondoka. Laptopu ndiyo shida. Simu imekulia katika bando. Inajua mwezi una tarehe za mwisho. Laptopu ni mgeni aliyezoea hoteli: akishaona Wi-Fi, haulizi kama imetoka kwenye nyaya za ofisi au kwenye GB moja iliyonunuliwa kwa chenji ya unga. Anaagiza tu. Inapakua masasisho ya programu ambayo sijawahi kuifungua. Inapandisha mawinguni picha za harusi ya binamu, zote, pamoja na zile ambazo bwana harusi amefumba macho. Faili ya kazi bado haijafunguka, na simu kule juu tayari inalia kuniarifu kwamba bando linakaribia kwisha. Kuna mahali pa kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu hupimwa, ipunguze tamaa. Mahali penyewe pamefichwa kama pesa za chama, na aliyenionyesha ni mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye shuleni kwao simu ni marufuku.

Ujuzi wake aliutoza ada. Alitaka nywila. Nilipomwambia kwamba nywila haigawiwi, kesi ikapelekwa kwa Susu, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Hicho kitu kinapita hewani?" aliuliza.

"Ndiyo, Susu."

"Umekipanda wewe?"

"Hapana, lakini nimekilipia…"

"Na huyu mtoto akikinywa, kinakuwa kichungu?"

Hukumu ikatoka kabla sijamweleza habari za megabaiti. Kufikia saa nne waliounganishwa walikuwa mpwa, rafiki zake, na kijana wa bodaboda aliyesema amepumzika kidogo kivulini. Kivuli chake kilikuwa kikitazama mpira kwa video.

Saa tano kulikuwa na mkutano. Ofisi iko Nairobi na ilitaka kuona nyuso zetu, ingawa nyuso ndizo zinazokula data. Sauti peke yake ingetosha na kubaki. Nikawasha kamera. Nyuma yangu Susu akaona vichwa vya watu vimepangwa kwenye kioo, na hakuna mtu aliyelelewa Ukambani anayeweza kupita mbele ya wageni bila kuwasalimu. Akavuta kigoda kingine. "Mwi aseo?" Wakajibu kwa pamoja, lakini salamu ya jumla haikumtosha. Alimwendea kila mmoja: mama mzazi anaendeleaje, mvua imenyesha kwao, ameoa? Mkuu wetu, mtu wa Kisumu, alijibu yote kwa adabu hadi swali la mwisho, ambalo aliliomba liahirishwe.

Ndipo simu ikalia juu ya mti.

Alikuwa broka wa maembe. Susu hugawa namba yangu nikiwa nyumbani kwa sababu simu yake huishiwa chaji. Na huku kwetu simu ikipokelewa, laini hushuka kutoka 4G hadi mtandao wa kizamani, data inakoma mpaka maongezi yaishe. Mazungumzo na broka hayaishi. Yeye hununua kwa idadi, embe kubwa na dogo bei moja. Susu anataka mzani, na hoja yake ina uzito, maana kiwanda cha kaunti cha kusindika maembe kiko hapa hapa Kalamba, na hupima kwa kilo. Waliendelea kwa sauti iliyowekwa juu kabisa, Susu akiuhutubia mti, mpaka broka akakata.

Data iliporudi, niliambiwa kwamba wakati wote huo uso wangu ulikuwa umeganda mdomo wazi, na wenzangu walidhani nimepinga bajeti. Nikaeleza kisa. Pakawa kimya, kisha mkuu akasogea karibu na kamera.

"Hayo maembe ni Apple ama Ngowe?"

"Apple," Susu akajibu kabla yangu. Huku Apple ilikuwa embe kabla haijawa simu.

Ajenda ikafia hapo. Mmoja alitaka katoni, mwingine mbili, mhasibu akauliza kama nauli ya matatu iko ndani ya bei. Katikati ya swali hilo bando likaisha, vichwa vyote vikatoweka. Ripoti yangu haikutoka Kalamba siku hiyo. Lakini M-Pesa, tangu ilipoanza 2007, haijawahi kuhitaji bando kukujulisha kwamba umepokea pesa, na simu ikaanza kulia pale juu, mlio baada ya mlio, kila mtu na katoni yake.

Susu akahesabu milio kwa vidole. Kisha akanipa kikapu. Kwa kuwa ni lazima nipande kuifuata simu, alisema, nisishuke mikono mitupu. Nianze na yale ya upande wa zizi.