Sifa za Gari Linalokata Moto

Wapo wanaosifia magari yanayowaka kwa kubonyeza kitufe. Tuwaache na raha zao, mpaka siku kitaa cha njano kitakapowawakia kwenye dashibodi, wamtafute kijana mwenye mashine ya kupimia, naye awatajie namba. Sifa zangu zinamwendea mzee: Peugeot 504 ya kabureta, Pijo kwa jina la mtaani. Ndugu zake walishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Yeye leo anamisi, anakohoa, na huzima katikati ya kipilefti pale trafiki anapompa ruhusa ya kupita.

Gari hili halisemi uongo. Likikata moto ghafla bila kuaga, tafuta kwenye umeme: pointi, kondensa, koili, waya uliolegea. Likizima kwa kusitasita, likivuta na kuachia, hiyo ni njaa ya mafuta.

Wala halikupi jibu mkononi, maana linaheshimu akili yako. Chukua lile linalokwenda vizuri asubuhi, likipata joto linazima, likipoa linawaka tena. Huenda kondensa imechoka. Huenda petroli inachemka ndani ya bomba na pampu inasukuma mvuke. Dalili moja, magonjwa mawili. Chomoa waya wa koili, uusogeze karibu na bodi, mwenzako apige stata: cheche ya buluu ikiruka, umeme hauna kesi. Kisha zima swichi, fungua chujio la hewa, vuta resi huku ukichungulia kooni mwa kabureta. Petroli isiporuka, lowesha kitambaa, ukifunge kwenye pampu, ukae kivulini. Daktari wa binadamu hakuruhusu kushiriki kiasi hiki.

Ugonjwa ninaouhusudu zaidi ni wa mfuniko wa tangi. Kitundu chake cha kupumulia kikiziba, gari huenda kilomita kadhaa kwa adabu, kisha hukata pumzi, kwa sababu mafuta yanatoka na hewa haiingii kujaza nafasi. Ukifungua mfuniko utasikia hewa ikivutwa, fyuu, na safari inaendelea. Fundi wako atabadilisha pampu kwanza, kisha chujio, kisha atavua kabureta nzima. Asilaumiwe, mfuniko haulishi gereji.

Likikosa sailensi, yaani barabarani linakimbia ila kwenye mataa linazima, tazama jeti ndogo, yenye tundu lisilofika milimita moja. Punje ya kutu kutoka kwenye tangi inatosha kusimamisha ukoo mzima njiani kwenda harusini. Ipulize kwa pumzi. Ukiichokonoa kwa waya utaipanua, na gari litakuwa mlevi. Jeti ikiwa safi, nyunyiza maji ya sabuni kwenye gasketi chini ya kabureta. Mlio wa injini ukibadilika, umepata panapovuta hewa.

Kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, haijaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wanaochanganya petroli na mafuta ya taa, Pijo lilikuwa tayari kazini. Lilionja, likakohoa hadharani, wala halikudai posho.

Jiografia nayo linaijua. Lifanyie tuni Dar es Salaam, kisha lipandishe Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi lakini jeti inamwaga mafuta kwa kipimo cha pwani. Plagi zinajaa masizi, na mlima unakuwa mrefu kuliko ulivyo kwenye ramani.

Kuhusu ujirani, sijaona chama kinacholishinda. Likizima, watu hukusanyika, kila mmoja na ugonjwa wake: huyu plagi, yule koili, na bibi mmoja pembeni atauliza kama mafuta yapo, swali ambalo wanaume wote walikuwa wanaliogopa. Kisha wanasukuma. Gia ya pili, klachi chini, unaachia, linashtuka, linawaka, makofi. Hebu sukumeni la otomatiki tuone.

Langu linauzwa. Bei maelewano. Mnunuzi aje asubuhi na mapema, injini ikiwa ya baridi.