Mwenye Gitaa Yuko Wapi?

Tofauti kubwa kati ya mwanamuziki wa nchi kavu na wa melini ni hii: wa nchi kavu akikuchosha, unaita bajaji. Baharini hakuna bajaji. Akikosea noti usiku wa leo, kesho asubuhi mko foleni moja mnasubiri mayai, na anakumbuka alivyokuona ukipiga miayo. Yeye naye hana pa kukimbilia. Mkataba wake ni wa miezi kadhaa, jukwaa lake linaelea, na wasikilizaji wake wamevaa kaptura na wameanza kunywa tangu saa nne asubuhi. Mimi naona utamu wote wa burudani ya melini unatokana na kufungiwa pamoja huko. Majumba makubwa ya maonyesho na taa zao wakae nayo. Nipe bendi ndogo iliyojibanza kando ya ngazi, watu watano waliochoka, wanaojua kwamba hata mimi siendi popote.

Haya niliyaona Ghuba ya Mexico. Mdogo wangu, muuguzi Houston, alitukatia mimi na shangazi yetu tiketi za meli ya matembezi inayotoka bandari ya Galveston, Texas, kwenda Cozumel na kurudi. Shangazi ni mtu wa Tanga, tena Tanga ile ya vikundi vya taarabu, Black Star na Lucky Star, na kwa maneno yake mwenyewe alimsikia mwimbaji Shakila kabla Shakila hajawa Shakila. Burudani ya baharini alikuwa anaijua moja tu, ile ya boti ya Unguja: runinga imening'inizwa juu, filamu haisikiki, na mhudumu anapita akigawa mifuko ya kutapikia kwa adabu kama anagawa kadi za harusi.

Kabla hata hatujang'oa nanga akauliza kama vyombo hivi huzama. Mdogo wangu, kwa ile tabia ya watu wa hospitali ya kukwambia yote, akamtajia Titanic na bendi yake ya watu wanane chini ya Wallace Hartley, waliopiga muziki mwaka 1912 huku meli inazama, asipone hata mmoja. Shangazi akaanza kutafuta viatu vyake.

Ikabidi nimshike kwa kisa kingine, cha Oceanos, meli ya Kigiriki iliyozama pwani ya mashariki ya Afrika Kusini Agosti 1991. Maji yaliingia chumba cha injini, umeme ukakatika, na baadhi ya mabaharia wakawahi boti za kuokolea. Abiria wamekaa ukumbini wanaimbiwa, hawaambiwi kitu. Mpiga gitaa wa meli, Moss Hills, mzaliwa wa Zimbabwe, akaona hali si hali. Akapanda chumba cha kuongozea meli, akakuta hamna mtu, akashika redio mwenyewe akaomba msaada. Waliomsikia wakamuuliza cheo chake, naye akawaeleza kwamba yeye ni mpiga gitaa. Helikopta za jeshi la Afrika Kusini zikaja, na yeye na mkewe Tracy, aliyekuwa anapiga besi, pamoja na watumbuizaji wenzao, wakawa wanawafunga abiria mikanda na kuwapandisha. Nahodha alishapanda helikopta mapema, abiria wengi wakiwa bado melini. Watu 571 walikuwamo. Wote 571 waliokoka.

Nilidhani nimemtuliza. Kumbe nimempa mpango.

Siku hizi mazoezi ya dharura ni mepesi: unatazama video, halafu unakwenda kituo chako cha kukusanyikia, wakuandike kwamba umefika. Kijana wa zamu akauliza kama tuna swali. Shangazi akainua mkono.

"Muulize, mwenye gitaa yuko kituo gani?"

Nikatafsiri. Kijana akasema kila abiria ana kituo chake, na hakibadilishwi.

"Sijamuuliza ya abiria. Namuuliza ya mwenye gitaa."

Nyuma yetu foleni ilishafika kwenye lifti. Mwishowe kijana, kwa kutafuta salama yake, akasema bendi hupiga kila jioni kwenye ukumbi wa kati, sitaha ya tano. "Basi mwambie," shangazi akasema, "king'ora kikilia, mimi nitakuwa sitaha ya tano."

Ndivyo tulivyoipata bendi yetu. Walikuwa Wafilipino, kama walivyo wanamuziki wengi wa meli hizi, na mwimbaji wao mwanamke mfupi mwenye sauti iliyomzidi umbo. Kwetu tungesema wanapiga kopi, na kwetu hilo si sifa. Lakini kopi zina daraja. Hawa walikuwa wanaingia na kantri ya watu wa Texas, wanakunja kona kwa Bob Marley, wanatokea kwenye salsa, na watu wakianza kuaga wanawarushia "Sweet Caroline" ya Neil Diamond ya mwaka 1969, hapo hata waliokuwa wamefika mlangoni wanarudi wakipiga kelele. Usiku mmoja mzee alikuwa anacheza na mkewe mwenye fimbo. Mpiga ngoma, bila kumwangalia mtu, akaupunguza mwendo wimbo wa haraka mpaka ukaenea hatua za bibi. Wenzake wakamfuata. Ukumbi mzima haukugundua. Shangazi aligundua, akaniambia, "Huyo amelelewa."

Hatukulisusia jumba kubwa. Shida ya jumba kubwa la meli ni mahali lilipo: aghalabu hujengwa omo, na omo ndiko mawimbi yanakopokelewa. Usiku tuliokwenda, mtangazaji alisema ile sehemu ya wachezaji kuning'inia kwenye kamba imeondolewa kwa sababu ya bahari. Ya kuning'inia imeondolewa, ya kusimama haijaondolewa. Wachezaji wanane walitoka kushoto kwenda kulia kwa hiari yao, wakarudi kushoto kwa hiari ya bahari. Shangazi alishangilia, akidhani ndivyo mchezo ulivyotungwa.

Kesho yake akaja bwana anayelaza watu kwa maneno. Akasema tufumbe macho, mikono yetu inakuwa mizito. Shangazi akaanza Ayatul Kursiy chinichini. Safu za nyuma watu walianguka, mmoja akawa anakamua ng'ombe asiyekuwepo. Safu yetu nzima, Wamarekani watupu isipokuwa sisi, tulibaki macho makavu, na yule bwana akawa anatutupia jicho la mtu aliyeharibiwa biashara.

Mimi aliyeniweza ni mchekeshaji. Tulikaa mbele kabisa, kwa ajili ya macho ya shangazi, na kukaa mbele ya mchekeshaji ni kujitolea bila kuandikishwa. Akaniuliza natoka wapi, nafanya kazi gani. Nikasema nafundisha hisabati sekondari. Akafurahi kupita kiasi. Akamgeukia jirani yangu, bwana mmoja mnene mwenye shati la maua, akamuuliza amekunywa glasi ngapi tangu tupande na kila moja bei gani. Bwana akajibu kwa majivuno. "Mwalimu," mchekeshaji akaniambia, "piga hesabu."

Ualimu ni ugonjwa. Nilipiga kichwani, nikaongeza na ile asilimia 18 ya huduma wanayoibandika juu ya kila kinywaji, nikataja jibu kwa sauti ya darasani. Ukumbi ukalipuka. Mke wa yule bwana hakucheka. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anasikia jumla. Tangu hapo nilikuwa naitwa profesa kwenye lifti, watu nisiowajua wakaniletea risiti zao nizikague, na bwana wa shati la maua akawa akiniona sitaha ya kumi anashuka ya tisa. Mkewe, kinyume chake, alinitafuta mara nyingi, kila mara akiwa na karatasi.

Mchana burudani huhamia bwawani, na bwawani ndiko ugomvi ulikoanzia. Kulikuwa na kijana wa Trinidad na pani yake, ile ngoma ya chuma ya kwao. Nikamhadithia shangazi ilikotoka: utawala wa Waingereza ulibana ngoma za ngozi, watu wa Port of Spain wakahamia kwenye mianzi, kutoka mianzi wakaenda kwenye makopo na vyuma, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wanagonga vitako vya mapipa ya mafuta mpaka vikatoa noti zilizonyooka.

"Pipa hili hili?"

"Hili hili."

Akalitazama kwa muda. "Na sisi miaka yote tunalijaza maji."

Kijana akapiga "Hot Hot Hot", wimbo alioutoa Arrow wa Montserrat mwaka 1982, na ambao nadhani bila ya huo meli hairuhusiwi kuondoka gatini. Halafu akapiga kitu cha taratibu, cha kanisani, peke yake, bila ule muziki wa kompyuta waliomfungia nyuma. Waliokuwa majini wakaacha kurushiana maji. Kwangu mimi hizo dakika chache zilishinda maonyesho yote ya omo.

Ila kusikiliza kunataka kiti, na viti vyote vilikuwa vimetandikwa taulo tangu alfajiri. Mama mmoja mwenye kofia pana alitandika viti vinne naye yuko mmoja. Shangazi akamwomba kwa ishara. Mama akamwonyesha taulo. Shangazi akaisikiliza pani yote amesimama juani, na uso ule naujua. Haukuwa uso wa kusamehe. Ulikuwa uso wa kutafuta wimbo.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Mwanamke wa Tanga mwenye neno na mwenzake hamfuati mlangoni. Anangoja taarabu. Wimbo ukifika pale anapopataka, anainuka na noti mkononi, anaenda polepole kumtunza mwimbaji, na macho yako kwa yule anayemhusu.

Jioni akaniagiza nikawaulize Wafilipino kama wana chochote cha kwetu. Mwimbaji akasema, "Malaika." Aliujulia wapi? Kwenye kanda za baba yake, za Boney M., kundi la Ujerumani lililoutoa mwaka 1981. Basi wimbo aliourekodi Fadhili William Nairobi, akautembeza duniani Miriam Makeba, ukapita Ujerumani, ukafika Ufilipino, sasa uko Ghuba ya Mexico unamtafuta mama wa kofia pana.

"Malaika" si mpasho, ni kilio cha mtu anayetaka kuoa hana mali. Lakini shangazi anaweza kufanya mpasho hata kwa wimbo wa taifa. Ubeti wa pili akainuka. Melini pesa taslimu hazionekani, kila kitu ni kadi, ila yeye alikuwa na dola mojamoja za kuwapa wahudumu. Akazikunja kwa urefu, akaenda kwa ile hatua ya kwao, bega likitangulia, kidole kimeelekea meza ya mama wa kofia. Akambandika mwimbaji dola kwenye paji la uso. Ikashika kwa jasho. Mwimbaji alipotewa na neno moja, akalipata, akaendelea kuimba huku George Washington anatuangalia.

Ukumbi ulinyamaza. Halafu bwana mmoja mwenye kofia ya wachunga ng'ombe akasimama, akatoa dola, akaenda akijitahidi kuzungusha bega. Akafuata mwingine. Ikawa foleni, na foleni ikawa ngoma. Mpiga kinanda alikuwa anatazama noti zinavyopita mbele yake zote zikielekea kwa mwimbaji. Shangazi akaniagiza nimweleze kwamba kwetu mpiga kinanda hutiwa za mfukoni. Akazipokea kwa mkono mmoja bila kuacha kupiga.

Tena nikamwona mama wa kofia pana anakuja, dola tano mkononi, machozi yanamlenga. Muda wote alikuwa ameona kidole kile, akaamini wimbo ametungiwa yeye. Akambandika mwimbaji, akamkumbatia shangazi asimwachie.

"Mwambie namsema kwa viti vyake," shangazi alininong'oneza kutoka kifuani mwa yule mama.

Nikatafsiri kwamba amefurahi kumfahamu.

Asubuhi yake bwawani kulikuwa na taulo kwenye viti vitano, na cha tano kilikuwa cha shangazi. Akakaa. Alipokuja mzee mmoja kuuliza kama kile cha pembeni kina mtu, shangazi alimwonyesha taulo.

Usiku wa mwisho hakwenda kuaga, alikwenda kuajiri. Mjukuu wake anaolewa Tanga mfunguo tatu, na anataka mwenye gitaa. Tulimkuta kijana wa gitaa anakula wali peke yake saa tano usiku, akasikiliza kwa makini, akauliza malipo. Shangazi akasema malipo hakuna, kutunzwa kupo. Akauliza kutunzwa huko ni kama kiasi gani. Shangazi akanigeukia: "Wewe si profesa? Mpigie hesabu." Nikapiga, kina shangazi kwa idadi yao, nyimbo kwa urefu wake, shilingi kwa dola. Kijana akaitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu la kitaalamu: jukwaa la Tanga linayumba?

Nikamwambia haliyumbi hata kidogo.

Akasema kama ni hivyo, atahitaji siku mbili za mazoezi.