Robo Tangi

Tangu Jumamosi mama mkwe haniiti tena Baba Zuhura. Jana jioni nimemsikia kwa masikio yangu akimtuma mtoto: "Kamwambie Robo chai iko tayari."

Tulikuwa tunakwenda harusini Bagamoyo. Mkwe kakaa mbele, mke wangu na watoto nyuma, masinia na kapu la vitumbua kwenye buti. Kabla ya kutoka nyumbani Goba, geji ilisoma robo. Nikapiga hesabu kwa sauti, makusudi mkwe asikie: tangi la IST ya kizazi cha kwanza ni lita 45, robo yake lita 11 na ushee, kwa lita moja tunakwenda kilomita 12, basi tunazo kilomita 130. Bagamoyo kwenda na kurudi zinatosha. "Hili gari, mama, halinywi mafuta. Linanusa."

"Haya, baba," akasema.

Tukazipita sheli za Tegeta. Tukazipita za Bunju. Tulipoiacha Zinga, gari likanusa mara ya mwisho.

Usiku wa siku ile sikulala, nikawa nasoma habari za geji. Ndani ya tangi kuna boya. Limeshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda linapanda nayo, yakishuka linashuka, na mkono ule huburuza ncha yake juu ya ukanda wenye ukinzani wa umeme. Umeme unaopita hapo ndio unaousogeza mshale. Basi, ni hivyo tu! Hakuna anayepima mafuta. Kinachopimwa ni mahali lilipo boya. Ukijaza fulu, boya linagota kwenye dari ya tangi, na mshale unaganda kwenye F kilomita kadhaa kabla ya kukumbuka kazi yake. Tangi nalo si boksi. Limebanwa chini ya viti, lina mabonde na vifuko, kwa hiyo nusu ya mshale si lazima iwe nusu ya mafuta. Katika magari mengi ya zamani, hata ile taa ya njano huwashwa na kidude kinachopozwa na mafuta yenyewe: kikiachwa kikavu kinapata joto, kinaruhusu umeme kupita, taa inawaka. Zuhura aliiona tangu Bunju. "Baba, hiyo taa ya nini?" Nikamjibu inaonyesha gari linafanya kazi.

Sasa lililoniua ni hili. Ukiegesha gari mteremkoni, mafuta hukimbilia upande mmoja, na kama boya liko upande huo, litapanda na kukuapia kwamba una robo. Uwanja wetu Goba ni mteremko mtupu. Tulipofika kwenye lami tambarare mshale ulianza kurudi kwenye ukweli, taratibu, bila kelele, wakati mimi nikimfafanulia mkwe habari za lita. Maboya, kumbe, yalikuwa mawili: moja tangini, jingine kwenye usukani.

Mkwe akaketi chini ya mwembe, kapu miguuni. Kijana wa bodaboda akamwamkia kwa adabu zote, kisha akanigeukia mimi bila adabu yoyote: "Kaka, elfu kumi, na nauli humohumo." Akarudi na chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Hapa ucheshi unaniisha. Elfu kumi ni hela yangu ya kila siku sheli. Nilijizoesha Septemba 2023, lita ilipopita shilingi 3,200, miezi miwili tu baada ya tozo kuongezwa shilingi 100 kwa kila lita. Elfu kumi ilikuwa lita tatu. Mwenye nazo anajaza mara moja, anasahau. Sisi wa "weka ya elfu kumi" tunanunua petroli kama mafuta ya kupima, tunaunguza mafuta kuyafuata mafuta, na tukikwama ni sisi tunaolipa lita kwa bei mara mbili. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi Ewura, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kikomo. Haijawahi kufika chini ya mwembe ule.

Nilipapasa mfukoni. Mkwe akafungua pindo la kanga, akalipa yeye.

Bagamoyo mjini akaniamuru niingie sheli. Nikaegesha upande usio wa tundu, mpira haukufika, ikabidi nizunguke watu wakitazama. "Mjazie huyu," akamwambia mhudumu.

Ile nusu ya juu ya geji nilikuwa sijawahi kuiona. Tangu hapo kila asubuhi Zuhura hutumwa kuuliza mshale umefika wapi. Leo nimetoka kuangalia mwenyewe. Uko F. Ila gari limeegeshwa palepale, mteremkoni.