Sifa za Foleni ya Likoni

Hakuna kitu katika mji wa Mombasa kilichotukanwa kama foleni ya magari ya kivuko cha Likoni, na hakuna kilichoyapokea matusi hayo kwa utulivu kama hiyo foleni yenyewe. Alfajiri hulaaniwa na mwalimu anayekwenda kufundisha ng'ambo. Adhuhuri hulaaniwa na dereva wa lori la saruji. Alasiri hulaaniwa na bwana arusi ambaye kadhi amekwisha kaa mkekani upande wa pili akimngoja. Na usiku hulaaniwa na wageni kwa lugha ambazo haijapata kujifunza. Nayo haijibu, haikasiriki, wala haipungui. Maadamu ni ada ya waungwana kumsimamia asiye na wakili, nimeona si vibaya kuitetea mbele ya wasomaji, na kudhihirisha kwamba fadhila zake zimezidi ila zake. Na kwamba miongoni mwa wote wanaodai kuitunza milima ya Shimba, iliyoko ng'ambo ya kivuko hicho, na kuwafaa wanaokwenda kuipanda, hakuna anayestahili shukrani kabla yake.

Sifa isiyoanza na nasaba ni sifa pungufu, basi na tuanze na nasaba. Foleni hii ni binti wa mlango wa bahari wa Kilindini, ambao hapo Likoni upana wake ni kama nusu kilomita tu, masafa ambayo mtu mwenye macho mazuri humtambua jamaa yake amesimama ukingo wa pili, akampungia mkono, kisha akakaa saa nzima kabla ya kumpa huo mkono. Baba yake ni bandari. Kila meli iingiayo Kilindini na kila itokayo haina budi kupita katika mlango huo, na meli ikipita feri husimama, kwa kuwa adabu ya mahali hapo ni mdogo kumpisha mkubwa; na kwa sababu meli hizo zimekwenda juu sana, daraja la kawaida haliwezi kulazwa hapo bila kuziba rizki ya nchi hii na ya jirani zake wa bara. Pande nyingine za kisiwa zilipata suluhu mapema: kwa Changamwe kuna njia ya Makupa, na kwa Kisauni lilikuwako daraja la kuelea la Nyali tangu mwaka 1931, hata mwaka 1980 likafunguliwa la zege tunalolipita leo. Kusini peke yake ndiko kulikobaki na feri, na penye feri foleni ni mwenyeji. Basi mwenye kuidharau na ajue kwamba anadharau ukoo wa kale, uliokuwako kabla ya babu yake kupata leseni ya udereva.

Fadhila yake ya kwanza ni insafu. Katika nchi ambayo mwenye mali ana hospitali yake, skuli yake, na mlango wake wa nyuma katika kila afisi, foleni ya Likoni ni baraza adimu ambalo tajiri na fakiri huketi safu moja. Gari lenye thamani ya nyumba tatu husimama nyuma ya tuk-tuk iliyofungwa mlango kwa kamba ya katani, na basi la wageni wa Diani huvuta moshi wa matatu ya Ukunda bila kupunguziwa hata pumzi moja. Watasema wenye kuikashifu kwamba misafara ya wakubwa hupita kando kwa ving'ora, ikaingia ferini pasi na kungoja. Ni kweli, lakini ila hiyo si ya foleni, ni ya wale wasiokubali kupangwa, na lau foleni ingepewa mamlaka ya kuhukumu, nina yakini kwamba ingewaweka nyuma ya mkokoteni wa nazi.

Fadhila ya pili, ambayo wapenda milima hawajaitia maanani, ni ulinzi. Milima ya Shimba iko Kwale, safari ya kilomita thelathini na ushei kutoka kisiwani: ukishavuka Likoni wapita Ng'ombeni na Waa, wafika Kombani, kisha wakunja kuume na kuanza kupanda. Huko kuna msitu ambao hifadhi yake ilitangazwa mwaka 1968, kuna tembo, kuna palahala, mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma mithili ya majambia, ambaye katika Kenya nzima kundi lake la porini halikusalia ila hapo, na kuna maporomoko ya Sheldrick, yaangukayo zaidi ya mita 20, ambayo wageni huyateremkia kwa njia ya miguu ya kama kilomita 2 wakiongozana na askari wa wanyamapori. Mahali kama hapo, lau pangekuwa na njia nyepesi kutoka mji wa watu wengi hivi, pangekanyagwa kila Jumamosi hata nyasi zikasahau kuota.

Tazama wenzetu walivyotaabika kwa kukosa foleni ya tabia. Wajapani, mwaka 2024, iliwabidi kuweka lango katika njia ya Yoshida ya mlima Fuji, wakatoza yeni 2,000 kwa kila mpandaji na kulifunga lango hilo kwa siku hiyo hesabu ya watu ikitimia 4,000. Katika nchi ya Wales, mwenye gari atakaye kuupanda mlima Snowdon kwa njia ya Pen-y-Pass katika msimu wa wapandaji wengi hana budi kununua nafasi ya kuegesha kabla ya kutoka kwake, ama sivyo aliache bondeni apande basi. Wamarekani nao, pale Yosemite, katika miaka ya karibuni wamepata kuyataka magari yaombe ruhusa ya kuingia kabla ya siku yenyewe. Kwa hayo yote kulihitajika kamati, wahandisi, sheria, na watumishi wa kusimama langoni wakitukanwa kwa mshahara. Sisi tumejaaliwa taasisi ifanyayo kazi hiyo yote bila kikao hata kimoja, na inayotukanwa bure.

Tena yaifanya kwa hekima. Chukua jamaa wa Kisauni walioazimu kupanda Shimba: wameagana usiku, wamekodi matatu, wamenunua viatu vyenye meno na fimbo za kukunjwa, na wamepanga kuwako langoni Kwale saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Wanavuka daraja la Nyali wakiimba. Wanaingia barabara ya Nyerere wakiimba bado. Mara mbele yao wanaiona mikia ya magari, nyimbo zinakatika, na dereva anazima injini kwa namna ya mtu aliyekwisha sikia habari hiyo. Foleni haiwakatazi safari, yawapa wasaa. Ikisha huwavusha kwa mafungu, fungu moja kila feri, hata wafikapo Kombani wamekwisha tengana na wenzao kwa umbali wa staha, wala hakuna atakayemsukuma mwenziwe kugombea kivuli cha kuegesha. Wafikapo langoni ni saa tano, tembo wamekwisha maliza asubuhi yao kwa faragha na kuingia msituni, na palahala amechungulia na kuondoka. Kwa miaka mingi wanyama wa Shimba wamekuwa na saa zao, na waliowapa si wizara; ni foleni. Chemchemi za Marere peke yake, ambazo maji yake yameteremka kutoka milima hiyo kuja kuinywesha Mombasa tangu zama za Waingereza, ndizo zilizopata njia ya kuja mjini bila kupangwa. Na hilo latuonyesha kwamba katika mji huu maji husafiri kwa heshima kuliko watu.

Fadhila ya tatu ni rizki. Mtazame muuza njugu apitaye kati ya magari, sinia begani, kofia za karatasi zimesimama safu safu. Hugonga kioo kwa ukucha mara mbili, wala hagongi ya tatu, kwa kuwa ya tatu ni ya mdai. Akikuona umeshusha kioo nusu hamimini. Akuonjesha moja mkononi, agusa chumvi, atazama kando kana kwamba hana haja na fedha zako, na masikio yake yote yako majini, yakisikiliza feri ikibadilisha mlio kukaribia gati, kwani hapo ndipo bei itakaposhuka na wewe ndipo utakapokuwa huna tena muda wa kununua. Nyuma yake yuko wa madafu, nyuma ya huyo wa mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, kisha wa mabuyu, kisha wa kahawa chungu na kashata, akigonganisha vikombe. Wote hao wanalishwa na ule ucheleweshaji ambao wewe waulaani, na wengi wamesomesha watoto kwa dakika ulizodai kwamba zimepotea. Dakika zako hazikupotea, bwana, zilikwenda skuli.

Fauka ya hayo, foleni ni mwalimu. Methali zetu za subira, ambazo wahenga walizitunga bila kupata kuiona feri, zilikuwa maneno matupu hata Likoni ilipozipatia mahali pa kufanyiwa mtihani. Na wale wasiofaulu mtihani hupata somo la pili kwa gharama kubwa zaidi: huliacha gari kando ya barabara upande wa kisiwani, huvuka kwa miguu wakijiona werevu, na warudipo jioni, miguu imechoka na viatu vimejaa udongo mwekundu wa Kwale, hukuta gurudumu limefungwa chuma na karatasi ya faini imebandikwa kiooni. Kwani katika Mombasa kuegesha ni elimu ya fiqhi: kuna pa halali, kuna pa haramu, na kuna pa makuruhu ambapo hukumu hutegemea nani amepita.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulitia katika mzaha. Tarehe 29 Aprili 1994, katika kivuko cha pili cha mlango huu, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imepakia watu zaidi ya idadi iliyoruhusiwa, na watu 272 wakafa, karibu na nchi kavu, wakienda kazini. Nyumba za Mtongwe na Likoni zenye matanga ya siku hiyo hazihitaji kukumbushwa. Anayeambiwa ukingoni "imejaa, ngoja nyingine," na akanung'unika, hajui kwamba ametendewa wema. Na katika sifa zote za foleni nilizozitaja, hii peke yake naitaja bila kutabasamu: kwamba kuachwa ukingoni ukiwa hai ni neema.

Sasa tuwatazame wapinzani wake. Wa kwanza ni wa Liwatoni, daraja la kuelea lililoanza kutumiwa na waendao kwa miguu mwanzoni mwa mwaka 2021, na ambalo lilibidi kufunguliwa katikati ili meli zipite. Basi likawa nalo lina watu wanaongoja, na foleni ya Likoni ikacheka kimya. Wa pili ni wa Dongo Kundu, barabara ya kilomita 17 na nusu itokayo Miritini, ikavuka Mwache na Mteza kwa madaraja marefu, hata ikaungana na barabara ya Diani pale Kibundani. Kipande chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2018 na mwaka 2024 ikapitika yote. Huyu ni mpinzani wa kweli. Mtu wa Changamwe mwenye gari leo aweza kufika Kwale bila kuiona bahari ya Likoni, na wenye malori wamekwisha mhama bibi yetu kwa wingi, bila hata kumuaga. Na wa tatu ni lile daraja kubwa la juu linalozungumzwa na Wajapani, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likijengwa katika hotuba, na ambalo nguzo zake, ninavyoona, ni imara sana huko.

Lakini angalia ni nani aliyesaidiwa na nani aliyebaki. Hesabu iliyozoeleka kutajwa ni kwamba kivuko cha Likoni huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku na magari kama 6,000. Barabara ya Dongo Kundu iliwapa njia wale wa magari. Wale wa miguu, ambao ndio wengi, waliojazana katika kile kibanda cha kungojea, mama na mtoto mgongoni, fundi na mkoba wa vyuma, mwanafunzi na daftari kichwani kujikinga na jua, hawana pa kuzungukia. Wanavuka bure, na wametozwa muda.

Ndipo hukumu yangu inaposimama, nami naitoa kwa pande mbili. Ewe mwenye gari uendaye kupanda Shimba siku ya Jumamosi kwa kujifurahisha: liache gari lako nyumbani, panda matatu hata Likoni, vuka kwa miguu, kisha uchukue matatu ya Kwale upande wa pili, utafika pengine mapema kuliko yule aliyebaki ndani ya kioo chake, na hutagombana na mtu juu ya kuegesha. Ukiipata foleni njiani, isifu, kwa kuwa wewe unao wasaa wa kuisifu. Nanyi mlio na kalamu ya kutia saini: sifa zote nilizozitoa ni za mtu anayeivuka foleni kwa hiari, na mkazi wa Likoni anayeivuka kwenda kibaruani na kurudi, siku zote za umri wake, hakuniomba niziandike. Yeye anastahili daraja. Lijengeni, na mimi nitaandika maombolezo ya foleni kwa furaha.