Waacheni Wakurugenzi Wafanye Kazi

Mkurugenzi wa michezo wa chuo kikuu cha Marekani akiajiri kocha wa mpira wa kikapu, hakosi wa kumnyooshea kidole. Mimi namtetea.

Chukueni Louisville. Machi 2022 walimkabidhi timu Kenny Payne, aliyekuwamo kwenye kikosi cha ubingwa cha 1986 na ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote. Wakorofi wakauliza uzoefu uko wapi. Uzoefu wa nini, na mtu ni mtoto wa nyumbani? Msimu wa kwanza alishinda mechi 4, akafungwa 28. Wa pili akashinda 8. Ushindi umeongezeka maradufu. Nitajieni waziri wa uchumi mwenye rekodi hiyo! Bado wakamtimua, na fidia ya takriban dola milioni 8 ili asifundishe. Mfagia ukumbi akifukuzwa huondoka na ufagio, kama ni wake.

Georgetown nao walikuwa na subira ya mama anayechemsha mawe. Kocha wao Patrick Ewing, shujaa wao wa 1984, alipoteza mechi zote 19 za msimu wa ligi ya Big East mwaka 2022. Wakambakisha. Wakamwachisha kazi 2023, wasije wakaonekana wana haraka.

Tena kuna kampuni za kusaka makocha, zinazolipwa vizuri kumfichua mtu ambaye kila shabiki anamjua kwa jina.

Wazazi mnaolipa karo, tulieni. Wataalamu wako kazini.