Kikaango cha Chapati

Nyumba nyingi za kupanga Tandika zina vyumba tele na ua mmoja. Majiko ya mkaa hupangwa ukutani, na vyombo vilivyooshwa usiku huachwa nje vikauke. Bibi wa chumba cha mbele huamka kabla ya adhana kukanda unga, maana madereva wa bodaboda wa kijiweni kwetu hawaondoki bila chapati zake. Kikaango chake cha chuma kimezoea moto, hakishiki kitu hata mafuta yakiwa kiduchu.

Ndicho alichokichukua shemeji Jumapili ile. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ni mpishi, na alikuja kulala kwetu na pande la beikoni na sado ya viazi vya Njombe. Alipika kwa ufundi, simnyimi hilo. Viazi alivichemsha na maganda hadi vikakaribia kuiva, akavipoza, akavimenya, akavikata na kuvifuta kwa kitambaa, kwa kuwa maji yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke ghafla, na mafuta huruka. Beikoni aliianza kwenye kikaango baridi, moto mdogo, mafuta yatoke polepole bila kuungua. Chumvi hakutia, kwani nyama hiyo hukolezwa chumvi mapema, mara nyingi na moshi pia. Viazi vikaachwa upande mmoja hadi vikafanya ukoko wa rangi ya asali.

Harufu ndiyo iliyonitoa chumbani. Bibi alikuwa uani na sinia la madonge, anatafuta kikaango.

Katika jiji hili jambo kama hilo si dogo. Waliokuwepo 1993 wanakumbuka mabucha ya nguruwe yalivyovamiwa. Uani kwetu tumeishi kwa kuheshimiana: anayetaka kitimoto anakila baa, na sufuria huazimwa bila maswali. Shemeji akanong'ona kwamba sabuni na maji ya moto vinatosha, tukirudishe tu. Nikakataa. Kumlisha mtu asichokula kwa imani yake, yeye na wateja wake, ni dhuluma.

"Shikamoo bibi. Usikitumie kikaango. Shemeji amekikaangia nguruwe, hakujua ni chako."

"Marahaba." Aliliweka sinia chini, akanyamaza kidogo. "Afadhali umesema, mwanangu. Kijana, njoo. Leta udongo safi."

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, chombo kilichopatwa na najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Shemeji alichuchumaa akaosha, bibi akahesabu kwa sauti, na maji machafu yakamwagwa mbali na vyombo vyake. Udongo uliondoa ule weusi laini wa miaka mingi. Ikabidi kikaango kikaushwe motoni papo hapo kisishike kutu, kipakwe mafuta ya alizeti, kipashwe, kipakwe tena. Hata hivyo chapati ya kwanza ilishika, ikachanika. Ya pili pia. Bodaboda walisubiri, wawili wakaondoka, na shemeji akalipia chapati zilizoharibika bila kuambiwa.

Mchana alikwenda sokoni, akarudi na kikaango kipya chenye mpini aliokwisha kuupaka rangi nyekundu. Bibi akakikagua kwa macho bila kukigusa.

"Hicho kiwe na beseni lake," akasema. "Na viazi, siku ukipika kwa alizeti, uniletee na mimi."

"Sawa, bibi."